Kimya Kati ya Magari Mawili: Barua ya Wazi kwa Wanaogawa Masafa ya Redio

Kwa wakuu wa mamlaka za mawasiliano, kwa wizara zinazosimamia uchukuzi, na kwa wataalamu mnaoketi katika kamati za viwango vya mawasiliano ya magari.

Yah: Kipimo cha kugawa na kusimamia masafa ya mawasiliano ya moja kwa moja baina ya magari

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mhandisi wa redio ambaye kwa miaka mingi nimefanya kazi ya kuiga kwa kompyuta jinsi magari yanavyopashana habari barabarani bila kupitia mnara wa simu. Ombi langu ni moja, na ninalitaja mapema ili msomaji asilazimike kulitafuta: mnapoamua ni masafa kiasi gani yatengwe kwa ajili ya magari, na ni kanuni gani itumike kuyagawa baina ya gari na gari, msipime mafanikio kwa wastani wa jumbe zilizofika. Pimeni kwa kimya kirefu zaidi kinachoweza kutokea kati ya magari mawili yanayokaribiana, kisha wekeni kikomo cha kimya hicho katika masharti ya leseni na ya uidhinishaji wa vifaa.

Ili ombi hili lieleweke, inafaa kukumbuka magari haya huambiana nini. Kila gari lenye kifaa huwatangazia wote walio karibu mahali lilipo, mwendo wake, uelekeo wake na kama limefunga breki, na hufanya hivyo hadi mara 10 kwa sekunde. Hakuna anayejibu wala anayethibitisha kwamba amesikia. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari husogea chini ya mita 3 katika milisekunde 100, hivyo tangazo moja likipotea, kompyuta ya gari la nyuma hukadiria mahali alipo jirani yake na kukosea kwa kiasi kisichodhuru. Matangazo 10 yakipotea kwa mfululizo, gari limekwenda karibu mita 28, na ndani ya mita hizo dereva wa mbele anaweza kuwa ameshafunga breki, ameshahama njia au ameshakata kona, huku gari la nyuma likiendelea kuamini habari za zamani.

Sasa chukueni barabara mbili. Katika ya kwanza, kati ya matangazo 100 yanapotea 10, moja hapa na jingine pale. Katika ya pili yanapotea 10 vilevile, lakini yote yanafuatana. Ripoti ya majaribio itaandika asilimia 90 kwa barabara zote mbili, na ofisa anayetia saini kibali hataona tofauti yoyote, ingawa katika ya kwanza magari yalionana wakati wote na katika ya pili yalikuwa vipofu kwa sekunde nzima. Wahenga waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakuwa wanazungumzia redio, lakini sijapata maneno yanayoieleza hatari hii kwa usahihi zaidi.

Hatari hii haitokani na ubovu wa vifaa. Imo ndani ya kanuni yenyewe ya ugawaji, na ndiyo maana naileta kwenu badala ya kuipeleka kwa watengenezaji. Jumuiya ya viwango vya simu za mkononi ya 3GPP, katika Toleo lake la 14 lililokamilika mwaka 2017, iliweka njia mbili za kugawa nafasi za kusema kwa magari. Katika njia iliyoitwa hali ya 3, mnara wa simu ndio unaopanga nani aseme lini. Katika hali ya 4, magari hujipangia yenyewe, na hii ndiyo inayobeba uzito mkubwa, kwa sababu gari haliwezi kuacha kuwa salama kila linapotoka nje ya eneo la mnara.

Hali ya 4 ni baraza lisilo na mwenyekiti. Muda umekatwa vipande vya milisekunde 1, na upana wa chaneli, yaani ukanda wa masafa yaliyotengwa, umekatwa mafungu madogo. Kipande kimoja cha muda pamoja na fungu moja au zaidi ya masafa ndiyo nafasi ya kusema. Gari linalotaka nafasi husikiliza kwanza kwa sekunde 1 nzima iliyopita. Huziondoa nafasi ambazo jirani ametangaza kwamba atazitumia na ambaye mawimbi yake yanasikika kwa nguvu kupita kizingiti fulani. Kama zilizobaki ni chini ya asilimia 20 ya zote, hupandisha kizingiti kwa desibeli 3, yaani karibu mara mbili ya nguvu ya mawimbi, na kuanza upya, yaani hukubali kumkanyaga jirani aliye karibu zaidi kidogo kuliko lilivyokuwa tayari kumkanyaga mwanzoni. Kisha hukusanya zile zilizo tulivu zaidi, kiasi cha asilimia 20 ya zote, na kuchagua moja kwa bahati nasibu, maana kama kila gari lingechukua ile iliyo tulivu kuliko zote, mengi yangeichukua ileile kwa pamoja.

Hadi hapo utaratibu ni wa busara, na waliouandika wanastahili heshima. Ugumu unaanza katika hatua inayofuata. Gari likishapata nafasi, huishikilia. Huchagua namba kati ya 5 na 15, huhesabu kurudi nyuma kwa kila tangazo, na hesabu ikiisha huruhusiwa kuendelea na nafasi ileile kwa uwezekano unaopangwa kati ya 0 na 0.8. Ukipangwa kuwa 0, gari hukaa kwenye nafasi moja kwa wastani wa matangazo 10, yaani sekunde 1 kwa gari linalotangaza mara 10 kwa sekunde. Ukipangwa kuwa 0.8, wastani huo hufika matangazo 50, yaani sekunde 5. Kushikilia nafasi kuna faida ya kweli, kwa kuwa majirani huweza kujua mapema nani atasema lini na kumkwepa. Lakini magari mawili yakishika nafasi ileile, hayagongani hewani mara moja na kuachana. Yanaendelea kugongana hewani kila baada ya milisekunde 100 mpaka mojawapo lihame. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, sekunde 5 ni mita 139.

Mtu anaweza kuuliza vipi magari mawili yashike nafasi moja ilhali kila moja lilisikiliza kwanza. Wakati mwingine huchagua kwa wakati mmoja, na kila moja limesikia utulivu uleule. Hilo hutokea, ila si ndilo linaloninyima usingizi. Linalonisumbua zaidi ni magari mawili yanayokuja kwenye njiapanda kutoka pande mbili, yakiwa yametenganishwa na jengo au kilima. Kila moja lilichagua nafasi yake kwa uhalali kamili, kwa kuwa halikuwa linamsikia mwenzake. Nafasi ikatokea kuwa moja. Sasa yanakaribiana, na yanapofika umbali ambao mawimbi yangepenya, hayasikilizani, kwa sababu redio hizi haziwezi kusema na kusikiliza katika kipande kimoja cha muda. Kila moja linaposema, mwenzake naye anasema. Gari la tatu lililo jirani huenda likasikia mojawapo, au likasikia kelele tupu. Wawili wanaohitajiana kuliko wote ndio hasa wasiosikiana, na kwa kuwa tangazo halina jibu, hakuna hata mmoja anayejua kwamba hasikiki.

Niongeze kwamba hata magari yaliyochukua mafungu tofauti ya masafa hupata ulemavu huohuo yakiwa katika milisekunde moja. Chaneli pana hutoa nafasi nyingi zaidi katika kila milisekunde, jambo ambalo ni jema, lakini huongeza pia idadi ya magari yanayosema kwa wakati mmoja na hivyo kukosa kusikilizana. Anayehesabu uwezo wa chaneli kwa kuzidisha nafasi peke yake huisahau gharama hii.

Nakumbuka wakati wa kwanza nilipoliona jambo hili kwa macho yangu. Nilikuwa nimemaliza uigaji wa barabara kuu yenye msongamano, na mchoro wa wastani ulikuwa mzuri kiasi kwamba nilikuwa tayari kuupeleka kwa walioniagiza. Kabla ya kuufunga nikaamua kufuatilia magari mawili mawili, nikiandika kwa kila jozi muda mrefu zaidi uliopita bila mmoja kumsikia mwenzake. Jozi nyingi zilikuwa sawa kabisa. Chache zilikuwa na pengo refu, na nilipozichora kwenye ramani, baadhi yake zilikuwa gari na gari lililofuata nyuma yake katika njia ileile. Wastani ule haukuwa umedanganya. Ulikuwa tu umejibu swali ambalo hakuna aliye barabarani anayeuliza. Tangu siku hiyo sijawahi kuwasilisha wastani peke yake.

Dawa zipo, na nyingine zimekwisha kuandikwa. Chama cha wahandisi wa magari cha SAE, katika kiwango chake cha J3161/1, kimeruhusu gari kuacha nafasi yake kwa tangazo moja, likasemea mahali pengine palipochaguliwa upya, kisha likarudi. Tangazo hilo moja la kando linatosha kuukata mfululizo wa migongano, hata kama wastani wa jumbe zinazofika hauongezeki sana. Toleo la 16 la 3GPP, la mwaka 2020, lilileta redio ya kizazi cha 5 kwa magari. Humo gari hukagua tena nafasi yake kabla ya kuitumia, na huiachia kama mwenye ujumbe wa kipaumbele cha juu ameidai. Toleo la 17, la mwaka 2022, liliruhusu gari la tatu linaloona mgongano ujao wa matangazo kuwaonya wanaohusika, na hilo ni jibu la moja kwa moja kwa tatizo la njiapanda nililolieleza. Ninachokiona katika utekelezaji, hata hivyo, ni kwamba mengi ya haya huachwa kuwa hiari ya mtengenezaji. Mtengenezaji anayepimwa kwa wastani hana sababu ya kuingia gharama ya kitu kisichoupandisha wastani. Mkibadili kipimo, sababu hiyo itakuwepo, nanyi hamtalazimika kuamuru ni dawa ipi itumike.

Kuhusu upana wa masafa yenyewe, naomba tuhesabu pamoja kwa mfano mdogo. Chukueni chaneli ya megahezi 10, na tuseme kila tangazo linahitaji nusu ya upana huo kwa milisekunde 1. Katika milisekunde 100 kuna nafasi 200. Sasa chukueni barabara ya njia 6, gari moja kila mita 15, na mawimbi yanayofika mita 300 mbele na mita 300 nyuma: humo mna magari 240. Nafasi zimekwisha kabla hata hatujaanza, na kama kila tangazo litarudiwa mara moja ili kuongeza uhakika, upungufu unapanda kutoka nafasi 40 hadi 280. Ujumbe nao hauna ukubwa mmoja, kwa kuwa hubeba saini ya kidijitali na mara kwa mara cheti kizima cha usalama, jambo ambalo siwaombi mlipunguze, maana tangazo lisiloaminika ni baya kuliko kimya. Ninachoomba ni kwamba megahezi zinazokatwa mezani zihesabiwe kuwa sekunde za kimya barabarani.

Historia ya bendi ya gigahezi 5.9, yaani eneo la masafa linalotengewa magari katika nchi nyingi, inafundisha mengi. Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani ilitenga megahezi 75, kuanzia gigahezi 5.850 hadi 5.925, mwaka 1999. Miaka 20 ikapita huku magari machache mno yakiitumia, na mwezi Novemba 2020 Tume ikaamua kuchukua megahezi 45 za chini kwa matumizi yasiyo na leseni kama Wi-Fi, ikiacha megahezi 30 kwa ajili ya magari. Mahakama ya rufaa iliuthibitisha uamuzi huo mwaka 2022, na kanuni za mwisho za kutumia megahezi 30 zilizobaki zikapitishwa mwezi Novemba 2024. Hoja ya Tume kwamba masafa hayawezi kukaa bure kwa miongo miwili wakati wengine wanayahitaji ilikuwa hoja ya haki, na sisi wahandisi tuliobishana kwa miaka mingi kuhusu teknolojia ipi ni bora tunabeba sehemu ya lawama. Hata hivyo naamini kipande kilichobaki ni chembamba kwa kazi zinazokuja, hasa gari moja kulipatia jingine kile ambacho kamera na rada zake zimeona, kazi ambayo jumbe zake ni kubwa kuliko tangazo la kawaida. Bendi hiyo sasa imebanwa pia pande zote mbili na vifaa visivyo na leseni, kwa kuwa bendi ya gigahezi 6 iliyo juu yake ilifunguliwa mwaka huohuo wa 2020.

Kwingine maamuzi yamekuwa tofauti. Umoja wa Ulaya ulitenga megahezi 30 kwa usalama barabarani mwaka 2008, kuanzia 5875 hadi 5905, na mwaka 2020 ukapanua eneo hilo hadi 5935, sehemu ya juu ikigusa pia mahitaji ya reli za mijini. China ilitenga megahezi 20, kutoka 5905 hadi 5925, mwaka 2018. Japani ilichagua bendi ya megahezi 760, ambako mawimbi hupinda kona vizuri zaidi lakini nafasi ni finyu. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Sharm el-Sheikh mwaka 2019 ulipitisha pendekezo la kuzihimiza nchi zioanishe bendi zao kwa ajili ya magari. Kwa nchi ambazo bado hazijaamua, ushauri wangu ni kuamua mapema na kuamua ndani ya gigahezi 5.9, kwa kuwa gari huvuka mipaka na kifaa chake kimetengenezwa kwa soko la wengi.

Suala jingine linalopaswa kuamuliwa mapema ni teknolojia. Familia inayotokana na Wi-Fi, iliyoanza na IEEE 802.11p mwaka 2010, husikiliza hewa na kusema inapoikuta tupu; familia ya 3GPP hupanga nafasi mapema. Zikiwekwa kwenye chaneli moja bila utaratibu, kila moja humwona mwenzake kuwa kelele. Sina nia ya kufufua ubishi wa miaka iliyopita kuhusu ipi ni bora. Naomba tu zisichanganywe kwenye chaneli moja kwa jina la kutopendelea upande, kwa kuwa kutopendelea huko hulipwa na aliye barabarani.

Hewa inapojaa, kanuni zote hizi hufika kwenye swali moja: nani apunguze kusema. Gari hupima ni sehemu gani ya chaneli inayotumika, na likiona imejaa hupunguza matangazo yake. Katika kiwango cha SAE cha J2945/1, muda kati ya tangazo na tangazo unaweza kurefushwa kutoka milisekunde 100 hadi 600. Milisekunde 600 kwa kilomita 100 kwa saa ni karibu mita 17, na huo ni upofu wa hiari kabla hata hatujahesabu unaoletwa na migongano. Wazo la kupunguza ni sahihi, ila lisitendwe kwa usawa wa upofu. Gari lililosimama kwenye foleni kwa dakika 10 halina habari mpya, lakini lililofunga breki ghafla linayo. Kiwango hicho kimeruhusu gari ambalo mwendo wake umetoka nje ya kile ambacho majirani wangekadiria liseme upesi. Viwango vya Ulaya vina busara kama hiyo kwa njia nyingine, kwani tangazo hutolewa gari linaposogea mita 4, linapogeuka nyuzi 4, au mwendo wake unapobadilika kwa nusu mita kwa sekunde, mradi tu lisipungue mara 1 kwa sekunde wala kuzidi mara 10.

Busara hizi hugongana na kanuni ya kushikilia nafasi, na hapa ndipo ninapoomba kamati za viwango zikae na kazi ngumu zaidi. Nafasi iliyoshikiliwa hudhani kwamba mwenye nayo atasema kila baada ya muda uleule na kwa ukubwa uleule. Gari linalosema pale tu linapokuwa na jambo huacha nafasi zilizoshikiliwa zikiwa tupu, kisha hulazimika kutafuta nyingine wakati ambapo lina haraka kuliko wote. Kwa hiyo gari lenye habari muhimu zaidi huwa katika hatari kubwa zaidi ya kugongana hewani na wengine. Wastani hauwezi kuionyesha dosari hii, kwa sababu matangazo ya breki za ghafla ni machache mno kati ya mamilioni ya matangazo ya kawaida. Kipimo cha kimya kirefu, kikihesabiwa kuanzia gari linapobadili mwendo wake, kitaionyesha mara moja.

Wapo wanaosema kwamba jibu ni kuurudishia mnara uenyekiti wa baraza, maana mnara unaona wote na unaweza kugawa nafasi bila migongano. Pale mnara ulipo, na pale kampuni zote za simu zinapokubali kupanga pamoja, ni kweli. Lakini magari mawili yanayokutana huenda ni ya wateja wa kampuni mbili tofauti, na usalama wa mtu hauwezi kutegemea kama jirani yake amelipia kifurushi. Naomba hali ya kujipangia ibaki kuwa msingi, na mnara uwe msaidizi. Katika mahandaki hata hali ya kujipangia huyumba, kwa kuwa vipande vya muda huoanishwa na saa za satelaiti; viwango vimeruhusu magari kuoanishana yenyewe kwa yenyewe, na jambo hilo linapaswa kujaribiwa ndani ya handaki halisi.

Nimezungumzia magari tu hadi sasa, lakini sitaitendea haki barua hii nisipowataja wasio ndani ya gari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Toleo la 17 limeruhusu vifaa vinavyotumia betri ndogo visikilize kwa sehemu tu ya muda, au visisikilize kabisa na kuchagua nafasi kwa kubahatisha. Nafahamu sababu, kwani simu inayosikiliza kila milisekunde betri yake haimalizi siku. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba aliye dhaifu barabarani ndiye anayepata nafasi iliyochaguliwa vibaya kuliko wote, na kelele anayoileta huwapunguzia usikivu na wengine. Kuwatengea eneo lao la nafasi kunalipunguza tatizo hili, ingawa ni kweli kwamba eneo hilo litakaa tupu mahali pasipo na watu. Mimi ningekubali gharama hiyo. Na katika kugawa vipaumbele, ningeweka ujumbe wa gari linalosema “nimemwona mtu hapa” juu ya ujumbe wa msafara wa malori unaotafuta kuokoa mafuta, hata pale ambapo malori ndiyo yaliyolipia mtandao.

Naomba sasa nieleze kipimo ninachokipendekeza kwa namna inayoweza kuandikwa katika kanuni. Jozi ya magari ichukuliwe kwa muda uliobaki kabla ya kukutana badala ya umbali uliopo kati yao, kwa sababu mita 100 nyuma ya gari linalokwenda mwendo sawa na wako si sawa na mita 100 mbele ya linalokuja kukukabili. Kwa kila jozi iliyobakiza sekunde 5 au chini ya hapo, iandikwe kimya kirefu zaidi kilichopita bila mmoja kumsikia mwenzake. Kifaa kisiidhinishwe mpaka mtengenezaji aonyeshe kwamba kimya kinachozidi nusu sekunde kinabaki kuwa nadra kwa kiwango mtakachokubaliana, katika njiapanda iliyozibwa na majengo, katika barabara kuu iliyojaa, na katika mchanganyiko wa vifaa vya watengenezaji tofauti. Nusu sekunde ni pendekezo langu la kuanzia mjadala. Mwenye sababu nzuri ya kutaka namba nyingine na alete sababu hiyo hadharani.

Majaribio yanayogharimiwa na fedha za umma yachapishe orodha nzima ya vimya, pamoja na vile virefu ambavyo kwa kawaida hufutwa kwa madai kwamba ni matukio ya pekee. Kabla kipande chochote cha bendi hakijapunguzwa au kuwekewa jirani mwenye kelele, aliyeleta maombi atakiwe kuonyesha vimya hivyo vitarefuka kwa kiasi gani. Na uwezekano ule wa 0 hadi 0.8 wa gari kuendelea kushikilia nafasi yake, ambao hauzungumzwi sana nje ya vyumba vyenu vya mikutano, usiachwe mikononi mwa kila mtengenezaji. Uamueni ninyi, kwa kila aina ya barabara, baada ya kuona vimya unavyozalisha.

Niko tayari kufika mbele ya kamati yoyote nikiwa na programu zangu za uigaji, nizifungue zikaguliwe, na kuonyesha jozi kwa jozi haya niliyoyaandika.

Wenu kwa heshima,

Mhandisi wa mawasiliano ya redio